Habari za Hesabu na Sayansi katika Shule za Mto Tana

Kwa wazee wetu waheshimiwa, na kwa wanachama wote, walio Madogo na walio safarini.

Kila mwaka kitabu hiki hubeba hesabu ya fedha, habari za wagonjwa waliosaidiwa, na habari za mazishi. Mwaka huu tumetakiwa tuongeze kurasa chache za historia, tueleze jinsi masomo ya hesabu na sayansi yalivyoingia katika nchi yetu ya mto, na kwa nini mpaka leo wengi wa watoto wetu wayaogopa. Sababu ya kutakiwa hivyo yajulikana na kila aliyehudhuria baraza. Yako mashauri mawili juu ya sanduku la elimu. Wengine wasema fedha zijenge chumba cha maabara. Wengine wasema zisomeshe vijana wetu wawe walimu wa masomo hayo. Kazi ya karani ni kuandika, si kuamua. Lakini msafiri hutazama kwanza alikotoka, ndipo achague njia. Nasi twaomba wazee wasome habari hizi kwa nia hiyo.

1. Hesabu walizokuwa nazo wazee

Yasidhaniwe kwamba hesabu zililetwa na shule. Mfugaji wa Kiorma aliyesimama mlangoni pa zizi wakati wa jioni alijua kama ng'ombe mmoja amekosekana, wala hakuwa na daftari. Mkulima wa Kimunyoyaya, wa Kimalakote au wa Kipokomo alijua vilevile hesabu za maji. Mto Tana hupanda mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli, na mkulima alipanda mbegu zake maji yaliposhuka, katika udongo uliobaki na unyevu. Akiwahi, mbegu huchukuliwa na maji; akichelewa, udongo hukauka. Elimu hiyo ilikuwa sayansi, ingawa hakuna aliyeiita kwa jina hilo.

Chuoni nako palikuwa na hesabu za hali ya juu. Maneno tutumiayo, nusu, theluthi, robo, sudusi na thumni, yametoka katika Kiarabu, na waliosoma elimu ya mirathi wayajua vema. Mtu akifa akaacha mke mmoja, wana watatu wa kiume na binti mmoja, na ng'ombe 24 baada ya madeni yake kulipwa, mke hupata thumni, yaani ng'ombe 3. Waliobaki ni 21. Kwa kuwa mwana wa kiume huchukua mafungu mawili na binti fungu moja, ng'ombe hao hugawanywa mafungu 7, kila fungu ng'ombe 3. Basi kila mwana apata 6, na binti apata 3. Katika zaka ni vivyo hivyo: mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja, mwenye 40 hutoa wa miaka miwili, na mwenye ngamia 5 hutoa mbuzi mmoja.

Hayo ni yale yale ambayo mtoto wa shule ya msingi huyalilia yakiandikwa ubaoni. Mtoto huyo amekaa barazani akawasikia wazee wakigawa urithi, asijue kwamba jambo analolisikia barazani na jambo lililo ubaoni ni moja. Hakujua kwa sababu hakuna aliyemwambia. Na asiyemwambia ni mwalimu aliyetoka mbali, ambaye baraza letu hakuliona, na lugha yetu hakuijua. Neno hili twaomba likumbukwe, maana litarudi mara nyingi katika habari hizi.

2. Kabla ya uhuru

Shule za kwanza za mto zilikuwa za misheni, nazo zilikuwa chini karibu na bahari. Wamethodisti walikaa Golbanti, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen walifika Ngao mwaka 1887. Waliwafundisha Wapokomo kusoma na kuandika, na kutoka hapo wakapatikana walimu na makarani wengi. Lakini kutoka Garsen hata Madogo ni zaidi ya kilomita 200, na huku juu wazee wengi waliogopa kwamba mtoto akiingia shule ataiacha dini yake. Basi elimu ya ubao ilichelewa kwetu kwa sababu mbili, umbali na hofu, wala haifai kuwalaumu wazee hao kana kwamba walikuwa wajinga. Walichunga kitu walichokithamini.

Mwaka 1924 ilikuja Afrika ya Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, na ndani yake alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ifuate maisha ya kijiji: kilimo, afya, na kazi za mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, ili kuwafunza walimu watakaozunguka vijijini. Shauri hilo lilikuwa na wema wake, maana mtoto alitakiwa ajifunze kwa kutenda. Lakini lilikuwa na kasoro yake pia: wengi waliona kwamba Mwafrika amepewa jembe na randa, na wenzake wamepewa hesabu za juu na elimu ya dawa na mitambo. Shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, nayo ikawatoa wasomi wakubwa. Lakini kutoka Madogo hata Nairobi peke yake ni karibu kilomita 370.

Mwaka 1949 ikatolewa taarifa ya Beecher. Hiyo ilipanga elimu ya Mwafrika kama ngazi ya vidato vitatu, kila kidato miaka minne, na mtihani wa kuchuja kati yake. Hesabu zikawa mlinzi wa mlango. Aliyeshindwa alirudi nyumbani, na wengi walirudi. Tangu siku hizo wazazi wakaanza kulitazama somo la hesabu kama hakimu wa kumfukuza mtoto, wala si chombo cha kumsaidia.

3. Uhuru, na ahadi zake

Uhuru ulikuja mwaka 1963, na kwetu ulikuja pamoja na vita vya Shifta, vilivyodumu hata mwaka 1967. Wakati wilaya nyingine zilipojenga shule kwa harambee, watu wengi wa Tana ya juu walikuwa wakitafuta usalama. Mwaka 1964 tume ya Profesa Simeon Ominde ilisema kwamba elimu iwe ya kuijenga nchi moja, na kwamba nchi mpya yahitaji watu wenye ujuzi. Kwa msaada wa serikali ya Uswidi kikaanzishwa Nairobi, katikati ya miaka ya 1960, chuo maalumu cha walimu wa sayansi, Kenya Science Teachers College. Mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Kuajiri Walimu.

Mwaka 1971 serikali iliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya zenye shida ya ukame na umbali, na Tana River ilikuwa moja yao, pamoja na Lamu na nchi za kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1973 karo ikaondolewa kwa nchi nzima katika madarasa manne ya kwanza. Watoto waliokuwa shuleni, karibu milioni 1.8 mwaka 1973, wakazidi milioni 2.5 mwaka uliofuata. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mwalimu hazaliwi kwa amri. Madarasa yakajaa, wasiofunzwa ualimu wakawekwa kufundisha, na michango ya majengo ikachukua mahali pa karo iliyoondolewa. Katika wilaya zilizokuwa na walimu tangu zamani taabu hiyo ilivumilika. Kwetu, ambako walimu walikuwa wachache tangu mwanzo, ilikaa.

4. Hesabu mpya

Katika miaka hiyo likaja jambo jingine. Mwaka 1957 Warusi walirusha chombo angani, na Wamarekani wakaona kwamba wameachwa nyuma. Basi wakabadili mafundisho yao ya hesabu na sayansi. Mabadiliko hayo yakafika hata kwetu. Tangu mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, wa Uingereza na wa Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hesabu za namna mpya kwa shule za Afrika. Baadaye hesabu hizo zikafundishwa Kenya. Mtoto alianza kwa kujifunza makundi ya vitu, yaliyoitwa seti, kabla ya kushika vema kujumlisha na kutoa.

Walioandika vitabu hivyo walikuwa watu wenye elimu na nia njema. Walitaka mtoto afahamu, asikariri. Lakini kitabu kilitangulia, na mwalimu akabaki nyuma. Mwalimu wa kijijini, ambaye yeye mwenyewe alifunzwa kwa njia ya zamani, alipewa kitabu asichokielewa awafundishe watoto wasiomwelewa. Wazazi nao walioweza kuwasaidia watoto wao usiku kwa hesabu za kawaida hawakuweza tena. Mwaka 1981 Rais Moi akaziondoa hesabu mpya katika shule. Takriban miaka kumi na zaidi ya kazi ikaisha hivyo, na kosa halikuwa la seti.

Mwaka huo huo wa 1981 walowezi wa kwanza waliingia katika mradi wa umwagiliaji wa Bura, hapa kwetu mtoni. Mradi huo uligharimu fedha nyingi za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Na hata hivyo eneo lililolimwa halikufika nusu ya lililopangwa, na pampu za dizeli zikawa zikiharibika. Bura palikuwa na wahandisi, lakini wahandisi walitoka mbali, na mkataba ukiisha mtu hurudi kwao. Twalitaja jambo hili kwa sababu pampu na kitabu zafanana: zote mbili zataka mtu wa kukaa nazo.

5. Mradi wa Wajapani

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa miaka minane, minne na minne, na mwanafunzi wa sekondari akalazimika kusoma hesabu na sayansi hata mwisho. Matokeo ya mitihani yakaonyesha udhaifu katika nchi nzima. Basi mwaka 1998 serikali ya Kenya na ya Japani zikaanzisha mradi wa kuimarisha masomo hayo katika sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Ulianza katika wilaya 9, na Tana River haikuwamo. Mwaka 2003 ukaenea nchi nzima.

Mradi huu ulitofautiana na hesabu mpya, maana ulianza na mwalimu aliye kazini. Wakati wa likizo walimu walikusanyika wakafundishana mambo manne: somo liwe na kazi ya kutenda, mwanafunzi awe mbele kuliko mwalimu, pawe na majaribio, na pasipo na vifaa, mwalimu abuni vifaa kwa vitu vilivyo karibu. Chupa tupu huwa chombo cha kupimia, na kamba na jiwe huonyesha mwendo wa saa ya ukutani. Kwa shule kama zetu fundisho hilo la mwisho lilikuwa na thamani kuliko sanduku la vioo kutoka ng'ambo. Lakini mwalimu aliyepata mafunzo hayo na mwakani akahamishwa kwenda wilaya nyingine, aliondoka na mafunzo yake.

Na hapa tusamehewe tukisema habari zetu wenyewe. Sisi tulisoma katika shule ya sekondari ya misheni, mbali na nyumbani, wala hatuitaji jina, kwa kuwa ilitulea. Mwalimu wetu wa fizikia aliondoka tulipokuwa kidato cha pili, na hakuletwa mwingine mpaka mwaka ukaisha. Tulinakili daftari za waliotutangulia, na makosa yao tukayanakili pia. Maabara ilikuwapo, tena ya mawe, yenye kufuli. Ufunguo ulikaa ofisini. Mrija wa kioo wa kupimia asidi tuliushika mara ya kwanza siku ya mtihani wa kemia, na mkono ulitetemeka. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa hodari kutupita sote, aliuvunja. Alitaka kuwa daktari. Leo anafanya biashara, na hatumdharau; ila kila tusikiapo neno maabara, twakumbuka kwanza ile kufuli.

6. Hofu, na maji

Katika miaka hii ya karibuni yametupata mambo mawili. La kwanza ni hofu. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, ng'ambo tu ya daraja letu, kilishambuliwa, na watu 148 wakauawa. Chuo hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 2011 mahali palipokuwa na chuo cha walimu. Wengi wa waliouawa walikuwa vijana waliokuja kusoma kutoka sehemu nyingine za Kenya. Chuo kikafunguliwa tena mwaka 2016. Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo ya Garissa, na walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa katika kaunti za kaskazini-mashariki. Hatuwezi kuwalaumu walioondoka; mtu hulipwa mshahara ili afundishe, halipwi ili afe. Lakini darasa hubaki. Na miongoni mwa walioondoka, walimu wa hesabu na sayansi ndio wagumu zaidi kupata badala yao.

La pili ni maji. Juu ya mto wetu yamejengwa mabwawa matano ya umeme, Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga, na la mwisho Kiambere mwaka 1988. Mabwawa yakijaa, maji humwagika kuja kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2023, na tena mwezi wa Aprili 2024, barabara ya Madogo na Garissa ilifunikwa. Na katika mwezi huo wa Aprili mashua iliyokuwa ikivusha watu ilipinduka, na wenzetu wakafa. Pale Garissa pana kituo cha kupimia kimo cha mto, ambacho vipimo vyake vimeandikwa kwa miongo mingi. Ni wangapi kati yetu wawezao kuvisoma vipimo hivyo, wakavilinganisha na habari za mabwawa, wakawaambia jamaa wahame leo na si kesho? Elimu ya babu zetu ilijua mto usio na mabwawa. Mto wa leo wataka elimu hiyo na ile ya ubao pamoja. Kwa hiyo somo la hesabu kwetu si jambo la cheti tu. Ni jambo la uhai.

7. Mifano miwili

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Akatia maziwa yake kwenye friji yakiwa moto, nayo yakaganda upesi kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimfanyia mzaha. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne akaenda kulijaribu neno lile, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja katika gazeti la wataalamu. Mpaka leo wanasayansi wa dunia wabishana juu ya jambo hilo, na laitwa kwa jina la mwanafunzi yule. Friji ilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kulisikiliza swali.

Mfano wa pili ni Peter Tabichi, mtawa na mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya Keriko, kijiji cha Pwani, kaunti ya Nakuru. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, na watoto wengi walitoka katika nyumba maskini. Alitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia. Wanafunzi wake wakafaulu mpaka wakastahili kwenda Marekani kwenye mashindano ya sayansi, na mwaka 2019 yeye mwenyewe alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja.

8. Maneno ya kumalizia

Wazee na wanachama, tukiitazama njia yote tangu Ngao mwaka 1887 hata leo, twaona jambo moja likirudiwa. Kila miaka michache kilifika kitu kwetu: shule, amri, kitabu, pampu, mradi. Kila kitu kilifika mwisho, baada ya kufika kwingine, na kila kilipokosa mtu wa kukaa nacho kilikwisha. Na sasa mtaala mpya umekwisha kuingia. Tangu Januari 2023 sekondari msingi imewekwa ndani ya shule zetu za msingi, na watoto wa darasa la saba husoma sayansi hapo; nao wakifika sekondari ya juu hutakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu, mojawapo ikiwa ya sayansi na hesabu. Asiyefundishwa leo atachagua kwa hofu, wala si kwa kipawa chake.

Wako wazee wasemao, na neno lao si dogo, kwamba tumewahi kuwasomesha vijana wakaenda mjini wasirudi. Tena anayempangia mwalimu kituo ni Tume, si chama. Hayo ni kweli. Twapendekeza basi kwamba atakayesomeshwa kwa sanduku hili akubali mbele ya wazee wake kuomba kituo katika shule za mto, na akae miaka itakayokubaliwa. Na kwamba nusu ya nafasi wapewe mabinti, maana sisi tunaoandika tumeona katika madaftari ya chama kwamba wengi wa waliorudi kuwatunza wazazi wao ni wao. Hata wakisomeshwa sita wakarudi watatu, tutakuwa na watatu ambao risasi wala mkataba haviwahamishi upesi, kwa kuwa hapa ndipo kwao.

Maabara nayo hatuikatai. Ijengwe, siku atakapokuwapo wa kuushika ufunguo. Kwa sasa meza moja, mizani, chupa tupu na mwalimu aijuaye lugha ya mtoto vyatosha kuanza. Na somo la kwanza la sehemu liwe wale ng'ombe 24 wa marehemu, ili mtoto arudi nyumbani akamwulize babu yake, na babu afurahi kuulizwa.

Uamuzi ni wa mkutano mkuu. Sisi tumeandika tulivyoagizwa, na palipo na kosa twaomba tusahihishwe.

Wasalaam,
Karani wa Chama, Madogo.